Jiwe Lililokuwa Kisiwa

"Huyo mume wako anayepima ziwa," Persis aliwahi kumwuliza Bochaberi, miaka mitatu nyuma, wakiwa wameinamia chai shambani, "maji yakisogea usiku, asubuhi atamwambia nani?"

Siku ile Bochaberi alicheka mpaka kikapu kikamteleza mgongoni. Leo, Ijumaa asubuhi, Inspekta Machogu wa polisi wa Kisii alikuwa ameketi sebuleni kwake Magwagwa, kofia juu ya goti, na Bochaberi alipomsimulia swali hilo, Inspekta hakucheka hata kidogo. Mumewe Ondieki alikuwa mahabusu tangu Jumatano.

"Jirani yako aliuliza vizuri," Machogu alisema. "Sasa serikali nayo inauliza hivyo hivyo."

Alikunjua ramani juu ya meza. Bochaberi aliondoa kitambaa cha kufuma na Biblia iliyokuwa juu yake, akaviweka juu ya kabati, kisha akasimama mikono ikiwa ndani ya khanga. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye macho ya kutulia. Tangu Inspekta aingie hakuwa ameketi.

"Unaijua hii?"

"Najua ni ziwa lile la jangwani. Ondieki alikuwa akituchorea chini kwa kijiti, Kerubo na wadogo zake wakimwuliza mamba wako wapi."

Machogu aliweka kidole mahali mto ulipoingia ziwani. Mistari ya kuonyesha mwinuko wa ardhi ilizunguka vilima kama mistari ya ubao uliopigwa randa. Chini yake palikuwa na ghuba, na ndani ya ghuba kisiwa kidogo, kama punje ya wimbi. Pembeni yalikuwa yameandikwa maneno "Ukingo wa maji", kisha tarehe, kisha sahihi ya Ondieki.

"Mwaka wa sabini walikwenda watu watatu wa huku kwetu," alisema. "Mzee Angwenyi alikuwa mkubwa wao. Mume wako alikuwa mchoraji. Nyasani wa Mosocho alikuwa akishika fimbo ya kupimia. Walitumwa wachore ufuo huu ili shamba la kumwagilia lichimbwe. Mwaka jana pampu ikapelekwa, ikawekwa hapa, ramani inaposema maji yapo. Hayakuwapo. Palikuwa na matope makavu, ukitazama mpaka macho yanachoka. Mto umekuwa ukijaza ghuba kwa udongo miaka mingi. Watu waliohamishiwa pale na familia zao wakapanda mtama na pamba, mifereji ikabaki mikavu, vyote vikafa."

"Tulisikia," Bochaberi alisema polepole. "Ondieki alikataa kula siku mbili."

"Nairobi wamelinganisha. Mstari huu wa maji haukupimwa. Umenakiliwa kutoka ramani ya wakati wa Wazungu, kona kwa kona, hata na kisiwa. Na sahihi ni ya mume wako. Kesho asubuhi natakiwa kumpeleka Nairobi ashtakiwe. Jioni hii faili iwe imekwisha kwenye meza ya mkubwa wangu, na maoni yangu ndani. Hakimu akiamini alichora uongo, ni jela, mama. Si mwezi mmoja."

Bochaberi aliitazama ramani kama mtu anayetazama jeraha la mtoto, bila kuligusa.

"Yeye amesema nini?"

"Neno moja tu tangu Jumatano. 'Sahihi ni yangu.' Nikimwuliza zaidi, ananyamaza."

"Basi ni yake. Ondieki hasemi uongo."

"Hilo ndilo linalonitatiza." Machogu aligonga tarehe kwa ukucha. "Kumi na nne Februari. Nimetafuta kalenda ya mwaka ule. Ilikuwa Jumamosi."

Kwa mara ya kwanza mwanamke yule alitikisika. Aliketi kwenye ukingo wa kiti.

"Haiwezekani."

"Mama Kerubo, mtu akiwa mbali na kwake, jua linawaka, mkubwa anamhimiza, hakuna mzee wa kanisa wa kumwona..."

"Mungu alikuwa akimwona."

"Mimi ni Mkatoliki, mama, sitaki kubishana juu ya Sabato. Nasema tu labda alifanya kazi siku hiyo, akaona aibu, na ndiyo sababu hasemi. Anaona heri aitwe mwongo wa serikali kuliko kuitwa mvunja Sabato mbele ya kanisa lake."

Aliyasema hayo akiwa ameyatayarisha njiani, ndani ya Land Rover, na yalimpendeza. Bochaberi hakukasirika. Alinyanyuka, akaenda jikoni, na kupitia mlango uliokuwa wazi Machogu alimwona akigeuza sufuria. Palikuwa na chakula cha watu kumi pale: ndizi zimekwisha kupikwa na kufunikwa, mboga za chinsaga zimechemshwa kwa maziwa, kuni zimepasuliwa na kupangwa ukutani, mitungi ya maji imejaa mpaka shingoni. Viatu vya watoto vilikuwa vimepakwa rangi, vimepangwa dirishani.

"Una wageni?"

"Ni ya kesho hiyo. Kwetu kesho hatuwashi moto." Alirudi na chai. "Kunywa, Inspekta. Umemsema vibaya mume wangu lakini hujanitukana mimi."

Machogu alikuwa bado anapuliza chai hiyo aliposikia mtu akipiga hodi toka uani. Aliyeingia ni Persis mwenyewe, mwanamke mnene aliyevaa viatu vya mpira vya mumewe. Alipomwona polisi alisita, akasalimu, kisha akamgeukia Bochaberi kana kwamba mgeni ni kabati.

"Mama Kerubo, nipe kadi za josho nipite. Kesho ng'ombe wa mlimani wote wanaogeshwa, na yule mwandishi wa josho mwenyewe mmemfungia kule Kisii." Maneno ya mwisho yalielekezwa kwa lile kabati lenye kofia.

"Ziko tayari. Alizimaliza Jumanne, kabla hawajamchukua."

Bochaberi alitoa furushi dogo nyuma ya picha ya harusi. Machogu alinyoosha mkono, akaomba aone. Zilikuwa kadi za kawaida za josho, zenye nafasi ya jina la mwenye ng'ombe, idadi ya ng'ombe, na sahihi ya mwandishi. Majina hayakuwapo. Idadi haikuwapo. Chini, kwenye kila moja, sahihi ya Ondieki ilikuwa imekaa, safi na iliyonyooka, sawa kabisa na ile ya kwenye ramani.

"Anatia sahihi kabla ng'ombe hawajaja?"

"Sasa atatia lini?" Persis alimjibu. "Kesho hashiki kalamu. Mimi ndiye huhesabu ng'ombe, najaza. Mimi wa Katoliki Jumamosi yangu haina kazi nyingine." Alichukua furushi lake. "Kila wiki ni hivyo, tangu nimjue. Ijumaa jua likigusa mlima, huyo mtu hata ukimwambia nyumba inaungua atakuuliza kama unaweza kungoja kidogo."

Bochaberi alitabasamu kidogo, halafu tabasamu likaondoka.

Machogu aliweka kikombe chini kabla ya kukimaliza. Alikunja ramani kwa uangalifu, akauliza jambo moja tu.

"Kule jangwani, kazi ilichukuliwa siku gani kupelekwa mjini?"

"Lori lilikuja Jumamosi," Bochaberi alisema. "Barua zake pia zilinifikia kwa lori hilo. Daima alikuwa ameziandika Ijumaa."

*

Nyasani alikuwa na hoteli ndogo Mosocho, chumba chenye meza tatu na kalenda ya kampuni ya soda. Machogu alipofika, saa sita ilikuwa imepita na wachuuzi wa soko walikuwa wakila. Nyasani alikuwa mrefu kuliko mlango wake mwenyewe, na alitembea ameinama hata mahali ambapo hapakuwa na haja.

"Afande, ukila kwanza nitajibu vizuri. Mtu mwenye njaa huuliza maswali makali."

"Nitakula ukijibu. Wewe ndiye ulishika fimbo ya kupimia?"

"Mimi. Ile ndefu, nyekundu na nyeupe. Nasimama nilipoambiwa, mkubwa ananitazama kwa darubini, anapiga kelele, nasogea. Kazi ya mlingoti tu. Ndiyo maana walinichukua mimi." Alicheka, wateja wawili wakacheka naye.

"Njoo nje."

Walisimama nyuma, karibu na rundo la makaa. Machogu alimwonyesha ramani, akamwuliza nani alichora mstari wa maji. Nyasani aliacha kucheka.

"Sijui, afande. Mimi na kalamu hatujuani. Kazi ya kalamu ilikuwa ya wawili, Ondieki na Mzee Angwenyi. Basi."

"Ijumaa ya mwisho kabla ya lori mlikuwa mmefika wapi?"

"Vilima vyote vilikwisha, na mto. Ilibaki ghuba. Ondieki aliangalia jua, akafungasha meza yake ya miguu mitatu. Akamwambia mzee, ghuba umalizie wewe kesho. Mambo yao ya kawaida."

"Na mzee akamalizia?"

Nyasani alijikuna shingo. Alitazama barabarani, ambako gari la kijani la mtu mkubwa lilikuwa likipita, na Machogu alielewa hofu yake bila kuambiwa. Angwenyi sasa alikuwa na mashine ya kusaga na duka la vifaa mjini Kisii, na kibanda hiki kilisimama kwenye kiwanja chake.

"Sikuulizi mzee alifanya nini," Machogu alisema. "Nakuuliza wewe ulikuwa wapi Jumamosi hiyo."

"Nilikwenda naye. Asubuhi. Tulitembea mpaka kwenye jiwe."

"Jiwe gani?"

"Hiyo ile iko kwa picha."

Alimrudisha ndani. Ukutani, juu ya sanduku la mikate, ndani ya fremu yenye kioo kilichopasuka, Nyasani kijana zaidi alisimama juu ya jiwe kubwa jeusi lenye vichwa viwili, fimbo ya kupimia mkononi, kifua mbele. Chini ya jiwe, punda wawili walikuwa wamefungwa. Pande zote palikuwa na matope yaliyopasuka vipande vipande kama mkate wa mahindi. Maji hayakuonekana popote, isipokuwa labda ule mstari mwembamba mweupe kule mwisho kabisa.

"Ondieki yuko wapi hapa?"

"Chini ya mgunga kambini, na Biblia yake. Ndiyo nakwambia ilikuwa Jumamosi. Na Jumapili tulivunja kambi, hatukurudi tena hapo."

Machogu alisogeza uso karibu na picha. Chini kabisa, kwenye matope, kivuli cha mtu aliyekuwa akipiga picha kilikuwa kimelala: mabega mapana, na kofia ngumu ya kizamani yenye ukingo wa mviringo.

"Nani mwingine alikuwa na kamera?"

"Hakuna. Na kofia hiyo pia hakuna mwingine," Nyasani alisema kwa sauti ndogo. "Aliipenda sana. Alilala nayo karibu."

"Baada ya picha?"

"Akatazama mbele. Matope yalikuwa makavu juu, ndani ni uji. Punda wa kwanza alizama magoti. Mzee akasema inatosha, turudi, lori litaondoka bila karatasi." Alinyamaza. "Afande, ukiiondoa hiyo picha ukutani, watu wataniuliza."

"Waambie polisi wameipenda."

*

Saa tisa mvua ya Kisii ilinyesha kama kawaida yake, ikakata ghafla. Ofisini kwa Machogu, Mzee Angwenyi alikuwa ameketi, amekunja nne, koti lake kavu, maana dereva alimshusha mlangoni. Alikuwa amekuja alipoitwa, bila kuchelewa, na hilo lilimfanya aonekane mtu asiye na deni.

"Kijana wangu, maelezo yangu nilikwisha kuandika. Unataka niyaimbe sasa?"

"Nataka nielewe, mzee. Umeandika kwamba Ondieki ndiye aliyepima ghuba."

"Ndiyo kazi aliyolipwa."

"Na wewe ulihakikisha?"

"Kiongozi lazima ahakikishe. Nilikwenda, nikaona kwa macho yangu, nikaridhika."

"Uliona maji?"

"Maji yalikuwa yamejaa."

"Na kisiwa hiki?" Machogu aliweka kalamu juu ya ile punje ya wimbi.

"Kisiwa kilikuwapo. Jiwe jeusi lenye vichwa viwili. Ndege wamejaa, weupe, huwezi kuhesabu. Maji pande zote." Angwenyi alitikisa kichwa kwa huruma. "Inspekta, mimi na Ondieki tumekua pamoja. Inaniuma. Lakini yule mtu anasali sana mpaka anasahau kazi. Baadaye maji yalipokauka, si kosa la mtu mzima kama mimi. Na kama mstari unafanana na wa zamani, basi yeye ndiye aliyenakili, tena akanidanganya."

"Kwa hiyo ulifika karibu na jiwe."

"Ufuoni. Nililitazama toka ufuoni."

Machogu aliandika hayo yote, akamsomea, akamwomba atie sahihi. Angwenyi alitia, mwandiko mkubwa wenye mkia.

Kisha Machogu akamwita konstebo, naye Ondieki akaletwa. Alikuwa mtu mfupi mwenye mvi za mapema, bila mshipi, suruali ameishika kwa mkono mmoja. Alimsalimu Angwenyi kwa Ekegusii, kwa heshima, kama walivyokuwa wakisalimiana nje ya kanisa la mmoja au la mwingine miaka yote. Angwenyi alijibu akitazama dirisha.

Machogu alitoa picha ya Mosocho toka kwenye mtoto wa meza, akaiweka juu ya ramani.

Mtaani mtu alikuwa akigonga bati.

"Jiwe lenye vichwa viwili," Machogu alisema. "Mzee, niambie hawa punda walifungwaje katikati ya maji."

Angwenyi alivaa miwani. Aliitazama picha muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Hii ilipigwa siku nyingine."

"Siku gani? Jumapili mlivunja kambi. Ijumaa mlikuwa mtoni. Na Jumamosi Ondieki alikuwa chini ya mti."

"Nyasani alikwenda peke yake. Yule hutembea ovyo."

"Nani alimpiga picha, punda?" Machogu aligusa kivuli. "Kofia hii unaijua?"

Angwenyi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Machogu hakumharakisha. Aligeukia upande wa pili.

"Ondieki. Nimetoka kwako leo. Mkeo amekwisha kupika ya kesho. Kadi za josho zimekwenda kwa Persis, sahihi yako chini, idadi ya ng'ombe hakuna. Ulifanya hivyo hivyo jangwani, sivyo? Ijumaa jua lilipokaribia kuzama ulitia sahihi kwenye ramani, na ghuba bado nyeupe."

Ondieki aliinamisha kichwa.

"Nijibu, Ondieki. Nusu saa nyingine mkubwa anataka faili."

"Lori lilikuwa lije Sabato," Ondieki alisema. "Karatasi bila sahihi ya mchoraji isingepokelewa. Mimi singeshika kalamu. Nikatia sahihi mapema, nikamwachia yeye apime ghuba na kuandika tarehe."

"Kwa nini hukuniambia Jumatano?"

"Uliniuliza sahihi ni ya nani. Ni yangu." Alinyanyua macho. "Nikisema mengine ningekuwa namsukumia mwenzangu, na mimi ndiye nilimpa jina langu kwenye karatasi tupu. Nilidhani nalinda siku ya Bwana. Watu walikwenda kupanda mtama kwa ajili ya jina hilo."

"Kutia sahihi kazi isiyokwisha ni kosa," Machogu alisema. "Utaitwa Nairobi kama shahidi, na watakuuliza sana, huenda wakakuadhibu kwa njia yao. Lakini shtaka la kughushi ramani si lako. Naandika hivyo sasa hivi." Akaandika, mstari mmoja, kisha mwingine. "Konstebo, mrudishie mshipi wake na vitu vyake."

Angwenyi alikohoa. Sauti iliyotoka haikuwa ile ya mwanzo.

"Ondieki, ndugu yangu. Waambie uliniachia nimalizie. Hayo tu. Waambie ulinipa ruhusa nifanye nionavyo, na lori lilikuwa linangoja. Ramani ya zamani ilikuwa sandukuni, imechorwa na watu waliosoma. Nilijua vipi mto umejaza? Ningemtuma mtu azame kwenye matope yale? Wewe ni mtu wa Mungu. Neno lako watalikubali."

Ondieki alikuwa akifunga mshipi. Alimaliza, akaja mezani, akaitazama kazi yake: vilima, mto, vijia vya mbuzi alivyovipima mmoja mmoja mwezi mzima. Aliweka kidole juu ya jiwe, akakivuta polepole kutoka hapo mpaka kwenye ile rangi ya maji, mahali penye matope.

"Angwenyi. Kutoka hapa kuendelea, ulitembea?"

Angwenyi alimtazama Inspekta, akatazama picha, akatazama mikono yake.

Ondieki alimngoja. Alimngoja kwa utulivu, kama mtu anayengoja uji upoe. Akachukua koti lake kutoka kwa konstebo, akalitupia begani, akatoka nje.